Forodha Iliyokodishwa: Funzo la Mrima, 1888

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, darsa yetu ya leo hapa Tumba yahusu amana ya utawala. Kila siku mwaona vituoni walinzi walioajiriwa na kampuni binafsi, na baadhi yao wamepewa na polisi mamlaka ya kumwondoa mtu kwa nguvu. Wako wanaodhani ni jambo jipya dola kuikodisha nguvu yake. Kwetu pwani si jipya, na liliwahi kumwaga damu.

Enzi za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa wafanyabiashara. Mashuhuri wao ni Jairam Shivji, mtu wa Kutch. Alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha akatoza ushuru kwa makarani wake, na kilichozidi kikawa chake. Sultani naye akaishia kuwa mdeni wake. Hata hivyo Jairam alitaka ushuru tu. Liwali, kadhi na bendera hakuvigusa.

Tarehe 28 Aprili 1888 mambo yakageuka. Sayyid Khalifa bin Said aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kwa miaka 50, forodha pamoja na utawala wa mwambao, toka mto Umba hadi Ruvuma. Kampuni ingetawala kwa jina la Sultani, nayo yatafuta faida ya wenye hisa. Mwezi Agosti, wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe na liwali amtii. Liwali alipokataa, wanamaji wa manowari ya Kijerumani waliteremshwa kumsaka. Imepokewa kwamba waliingia msikitini na mbwa, siku za Iddi ya kuchinja.

Mrima ukawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza Pangani, Bwana Heri Saadani. Sultani alimtuma Jenerali Mathews kutuliza, lakini watu wa Pangani wakamkataa, kwani machoni pao aliyewauza ni Sultani mwenyewe. Kampuni ilishindwa kujilinda, na mwaka 1889 bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2 ili Hermann Wissmann alete askari. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na tangu 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikaushika mwambao yenyewe.

Miaka elfu moja na zaidi kabla ya hapo, Kadhi Abu Yusuf alimuonya Khalifa Harun al-Rashid, katika Kitab al-Kharaj, asikodishe ukusanyaji wa kodi. Hoja yake ni kwamba mkodi huwaonea raia ili apate ziada, wala hajali nchi ikiharibika. Basi mtawala aweza kukodisha kazi, dhima haikodishiki. Ataulizwa yeye.

Nasi tumo. Kijana wetu anayevaa sare ya ulinzi amebeba amana ya watu. Na anayepiga kura katika manispaa yetu ya Botkyrka ana haki ya kuuliza: nguvu hii mmempa nani, na akidhulumu, mlalamikaji aende kwa nani?

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atujaalie kuzitekeleza amana. Amin.