Mtu wa Gongali na Maji ya Meru

Ukifika Dar na meno ya kahawia, kabla hujatamka neno unaambiwa: "Wewe wa Arusha." Utani huo tumeuzoea, ila wapo wasichana wa huku Meru wanaocheka wameziba mdomo kwa kiganja. Kisa ni floraidi. Mlima wetu ni volkano, na maji yakipita kwenye miamba yake huichukua hadi visimani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita; Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, maana visima vingefungwa tungekunywa nini? Ikizidi sana haiishii kwenye meno, inapinda hata mifupa ya watoto. Na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Kituo cha utafiti cha serikali pale Ngurdoto kilihangaika miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kweli huinasa.

Basi, katika historia hiyo akaingia Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu. Magonjwa ya maji machafu aliyaona utotoni, kwao. Akasoma, akasoma, mpaka Korea Kusini, akapata udaktari, akabobea kwenye nano, yaani vitu vidogo mno: nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Angeweza kubaki ughaibuni bwana, wangapi wamebaki? Yeye akaja kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, hapa hapa Arusha.

Chujio lake halina uchawi. Maji hupita kwanza kwenye mchanga, unaonasa takataka na vijidudu. Floraidi na metali nzito mchanga hauziwezi, kwa hiyo yakitoka hapo hukutana na chembe za nano zilizotengenezwa kwa silikati ya sodiamu na fedha, ile ya vidani, siyo ya mfukoni. Tena chujio hupangwa kufuatana na maji ya mahali, kwani ubaya wa kisima hiki siyo wa kile.

Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, mshindi wa kwanza kabisa, pamoja na pauni 25,000. Magazeti yakaandika. Lakini tuzo hainyweki, na chujio lilikuwa ghali kwa mama wa kijijini. Hapo kampuni yake, aliyoipa jina la Gongali, ikaja na vioski: mtu mmoja anakuwa na chujio, majirani wanakuja na madumu yao kununua maji kwa bei nafuu kuliko ya chupa.