Nyayo za Bi Kidude Hadi Ujiji

Mgeni anayefika Ujiji huonyeshwa kwanza mahali walipokutana Wazungu wawili. Pana mnara wa mawe, pana makumbusho, na pana miembe inayorithi ule mti ambao chini yake, Novemba 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone akiwa mgonjwa na ameishiwa. Mimi nilikwenda kumfuata mtu mwingine. Nilifuata nyayo za mwanamke wa Unguja aliyeijia njia hii miaka ya 1930 kwa miguu mitupu, sauti yake ikiwa ndiyo nauli na ndiyo posho: Fatuma binti Baraka, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Bi Kidude.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi. Alikuwa binti wa mchuuzi wa nazi. Alipotimiza miaka 13 aliozwa kwa lazima, akakimbilia bara. Baadaye ndoa nyingine ilimshinda, akaondoka tena, na safari hii akaikata Tanganyika kwa miguu hadi Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, akishika njia za zamani za misafara. Aliishia Dar es Salaam, akaimba miaka kadhaa na kikundi cha taarabu cha Wamisri, hadi aliporudi Unguja miaka ya 1940. Wengi wanaoisimulia safari hiyo huitaja kwa sentensi moja, kisha huyoo, wanarukia tuzo na majukwaa ya Ulaya. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo kiini cha habari yake yote.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo. Ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka Ugogo penye shida ya maji, ikapumzika Tabora, ikateremkia bonde la Malagarasi, ikapita Uvinza kwenye visima vya chumvi, halafu ikalifikia ziwa. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, tena wakiwa na wapagazi wa kuwabebea kila kitu. Katika njia hii yalishuka meno ya tembo mabegani mwa Wanyamwezi, na walishuka watu waliofungwa minyororo, wengi wao wakiwa wamevushwa ziwa kutoka Manyema.

Kufikia miaka ya 1930 hapakuwa na haja ya kutembea, kwa mwenye nauli. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu Februari 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Lakini nadhani mwanamke aliyekimbia ndoa, mfukoni hana kitu, huona barabara pale ambapo wengine wanaona pori. Na kuna tarehe moja ambayo nilipokuwa nikitembea kutoka Kigoma kuingia Ujiji haikunitoka akilini: 1922. Ndio mwaka ambao serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika. Bi Kidude alipopita hapa, sheria hiyo haikuwa imetimiza hata miaka ishirini. Katika miji ya njia hii walikuwa hai wazee walioshikwa utotoni, na wanawake waliokuwa mali ya mtu kabla ya kuwa wake wa mtu. Mbele yao anatokea mwanamke peke yake, hana bwana wala mlinzi, anapanda bara kwa hiari yake katika njia ambayo waliotangulia waliteremshwa kwa nguvu. Anaimba. Sijui wimbo gani ungeweza kusema zaidi ya huko kufika kwake.

Ujiji ilikuwa na masikio ya kumsikiliza. Mji huu haukuwa wa kabila moja: Wajiji na Waha wenyeji, Wamanyema, Wabwari, Wagoma na Wabembe wa ng'ambo ya ziwa, Warundi wa kaskazini, Waswahili na Waarabu wa pwani. Kiswahili na Uislamu viliwaunganisha, na wanawake wakaungana kwa kanga, arusi na ngoma. Wanawake wa Kimanyema, ambao wengi wao waliletwa bila ndugu, walijitengenezea undugu mpya katika vikundi vya ngoma na uganga. Mtu anayedhani pwani ilileta ustaarabu wote na bara ikapokea tu, hajawahi kukaa na akina mama wa Ujiji. Ipo methali kwamba zumari ikipigwa Unguja, hucheza walioko Maziwa Makuu. Ni kweli, ila inaacha nusu ya habari: pumzi iliyoipiga zumari yenyewe ilitoka wapi?

Hapo inanibidi niteremke na njia hadi Tabora, kwa sababu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyemtangulia Bi Kidude. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora, mama yake Mzigua wa Tanga. Alifinyanga na kuuza vyungu, akivibeba kichwani kutoka shamba hadi mjini huku akivinadi kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki na Kurani, akaungana na wapigaji kama Subeti bin Ambari na Mbaruku, fundi wa fidla asiyeona. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya masultani akaiimba kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na wenzake hadi Bombay kurekodi. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia kwenye sahani ya santuri kwa Kiswahili. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini, na jinsi mahakama ilivyowatia hatiani wanawake waliotoa ushahidi huku mwuaji akiwa ametorokea bara. Gazeti la siku zile lisingethubutu kuandika hivyo. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na hakumpendelea kumpa heshima hiyo.

Siti alikuwa mwanamke asiyejua kuandika, lakini alitunga na kuimba habari za mahakamani. Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza, akaziimba nyimbo zake maisha yake yote, ikiwemo Muhogo wa Jang'ombe, akiongezea ya kwake na kubadili maneno kila alipotaka. Wimbo ulikuwa shamba la urithi: unalima ulipoachiwa, kisha unasogeza mpaka.

Siti aliimba amejitanda buibui. Bi Kidude aliacha kujifunika, akashika msondo wa unyago, ile ngoma ndefu inayopigwa imesimamishwa katikati ya miguu, akafundisha wanawali kwa nyimbo ambazo wanaume hawaruhusiwi kuzisikia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX. Alifariki 17 Aprili 2013, akikadiriwa kuwa amevuka miaka mia.

Nilimalizia ufukweni. Gati la misafara halipo, kwani maji yaliondoka. Ziwa lilijaa hadi 1878, likapasua njia yake ya kutokea kwenye mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka, na Ujiji ikabaki mbali na maji. Ghuba ya Kigoma yenye kina ikachukua bandari, kisha reli. Leo kwenye mchanga wa Ujiji wanaanika dagaa, na redio za simu zinapiga nyimbo za vijana ambao asili yao ni mkoa huu huu. Kigoma inajua kujivunia wanamuziki wake. Mwaka 2012 walikusanyika wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, na mkoa mzima ukaushika.

Makumbusho ya Ujiji yana nafasi. Panafaa pawekwe chumba kimoja chenye sahani za Siti, msondo mmoja, na ramani ya njia kutoka Bagamoyo yenye majina ya wanawake walioipita. Wanafunzi wa Kigoma wanaoletwa pale kumsikia Livingstone wawasikie na hawa wawili, na ada ya kiingilio iwe ile ile.