Ufizi Ndio Udongo wa Jino

Wasikilizaji, wako watu wadhanio ya kuwa kung'oka meno ni desturi ya uzee, kama mvi. Historia yaonyesha sivyo.

Mwaka 1683, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuza, akaona vijidudu vingi vikienda huko na huko. Lakini kwamba ukoga huo ndio uuguzao ufizi, jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1965. Huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kusafisha meno. Haikupita wiki tatu, wote wakavimba ufizi. Walipoanza tena kusafisha, wakapona.

Ufizi uliovimba usipotunzwa, kwa watu wengine ugonjwa hushuka chini ukala mfupa ulishikao jino. Mtu wa Ngombezi amepata kuona mgomba wa ukingoni mwa mto Pangani: maji yakiisha kula udongo, mgomba huanguka na mkungu wake, wala haukuwa na kasoro. Ndivyo jino lisilo na tundu hata moja lilegeavyo likang'oka.

Basi, mtu akiona damu apigapo mswaki, asiuache kwa hofu. Azidi kusafisha taratibu, hasa pale jino likutanapo na ufizi. Damu isipokoma, na aende kwa mganga wa meno. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.