Kutoka Kyiv hadi Madrid: Ramadhani Mbili za Timu Moja



Ndugu msomaji, najua utashangaa kukuta habari za mpira katika jarida la Ramadhani. Hata wenzangu waliponiomba makala ya historia, nadhani walitarajia Badr au ufunguzi wa Makka, na hayo ni mazuri, wala hayaishi utamu. Lakini mwaka huu nimechagua historia ya juzi tu, ambayo wengi wenu mliishuhudia mkiwa mmebanana katika kibanda cha mpira mara baada ya tarawehe, wengine hata viatu vya msikitini hamjabadilisha. Ni habari ya timu iliyoshindwa fainali katika Ramadhani moja, kisha ikaja kushinda fainali ya kombe lile lile katika Ramadhani iliyofuata. Ninachotaka tukiangalie pamoja ni ile miezi ya katikati. Kwa sababu kushindwa sote tunakujua. Tusichokijua ni la kufanya kesho yake.

Timu yenyewe ni Liverpool. Wewe shabiki wa Manchester au Arsenal tafadhali usifunge jarida, huu ni mwezi wa subira.

USIKU WA KYIV

Ilikuwa tarehe 26 Mei 2018, Ramadhani ya mwaka 1439, kumi la kwanza ndiyo linamalizika. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ilichezwa Kyiv, Ukraine, kati ya Liverpool na Real Madrid. Kwetu Kenya ilianza saa nne kasorobo za usiku.

Wiki nzima kabla ya mechi, barazani hapakuwa na mjadala mwingine ila huu: je, Mohamed Salah atafunga au atakula? Msimu ule alikuwa amefunga mabao 44 katika mashindano yote, 32 kati yake katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mtaalamu wa viungo wa timu alieleza kwamba Salah hangefunga siku ya mechi wala siku iliyotangulia. Basi kila mtu akawa mufti! Na ilhali kwamba msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la chini madrasani analijua.

Dakika ya 30 hivi, Salah akaanguka pamoja na Sergio Ramos, akaumia bega, akatoka uwanjani akilia. Nakumbuka kibanda kizima kilinyamaza kimya. Hazikupita hata saa nyingi, wakaibuka watu wa kusema ameadhibiwa kwa kuacha saumu. Subhanallah! Nani aliwapa ufunguo wa ghaibu?

Kipindi cha pili ndicho kilichowamaliza Liverpool. Dakika ya 51 kipa wao Loris Karius alitaka kuurusha mpira kwa mwenzake, Karim Benzema akautia mguu, ukaingia wavuni. Sadio Mane akasawazisha dakika ya 55. Gareth Bale akaingia na kupiga tikitaka ambayo hakuna kipa angeidaka. Halafu dakika ya 83 Bale huyo huyo akafyatua shuti kutoka mbali, likapita mikononi mwa Karius kama sabuni. Tatu kwa moja.

Baada ya kipenga cha mwisho, Karius aliwaendea mashabiki akilia, mikono juu, akiomba msamaha. Wapo waliompigia makofi. Lakini wapo pia waliomtumia vitisho vya kuuawa, yeye na jamaa zake. Kwa ajili ya mpira! Siku chache baadaye madaktari wa Boston, Marekani, walimpima wakaona kwamba alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo, na kwamba huenda ulimsumbua macho katika mechi ile. Muda mfupi kabla ya bao la kwanza alikuwa amegongana na Ramos. Habari hiyo ilipotoka, mwezi wa Juni, sisi tulikuwa tumeshamtukana tukamaliza.

HESABU BADALA YA LAWAMA

Sasa tazama hali ya Liverpool asubuhi ile. Walikuwa na visingizio viwili vilivyoiva kabisa. Cha kwanza, Ramos ametuumizia nyota wetu. Cha pili, kipa ametuuza. Wangeweza kukaa navyo mpaka leo, na kuna mashabiki ambao bado wamekaa navyo.

Kocha Jurgen Klopp naye alikuwa na kisingizio chake, kwamba hana bahati na fainali. Kuanzia ile ya 2013 alipokuwa Borussia Dortmund, hiyo ilikuwa fainali ya sita mfululizo kuipoteza.

Lakini timu ile ilifanya hesabu. Katika ligi ya msimu wa 2017/18 walimaliza wa nne kwa pointi 75, wakafungwa mabao 38. Hapo ndipo palipokuwa pakivuja, na hata kabla ya Kyiv walikuwa wameshaanza kupaziba: Januari 2018 walimnunua beki Virgil van Dijk kwa pauni milioni 75. Siku mbili tu baada ya kushindwa, tarehe 28 Mei, wakatangaza kumnunua kiungo Fabinho. Julai akaja kipa Alisson Becker kutoka Roma. Karius akapelekwa Uturuki kwa mkopo, akacheze mbali na kelele.

Najua utasema, "Hao wana pesa, sisi hata mipira miwili hatuna." Ni kweli, pesa zilisaidia, sitakudanganya. Lakini nipe nafasi nikuonyeshe mambo mawili ambayo pesa nyingi hazikuhusika.

La kwanza ni kurusha mpira. Ule mpira ukitoka nje, mchezaji akaurusha kwa mikono, wewe na mimi tunaona ni kitu kidogo sana. Klopp alikiri kwamba timu yake haikuwa hodari katika jambo hilo, akamtafuta mtu wa Denmark aitwaye Thomas Gronnemark, ambaye kazi yake ni kufundisha kurusha tu. Watu walicheka. Baada ya msimu mmoja, Liverpool walitoka nafasi ya 18 hadi ya kwanza katika ligi kwa kubaki na mpira baada ya kuurusha huku wamebanwa. Kasoro ndogo ambayo kila mtu aliiona miaka yote, na hakuna aliyeiandika kwenye daftari.

La pili ni kijana mwenye damu ya kwetu. Divock Origi alizaliwa Ubelgiji, lakini babake ni Mike Okoth, aliyeichezea Harambee Stars. Msimu wa fainali ya Kyiv, Origi hakuwa hata Liverpool, alikuwa ametolewa kwa mkopo Wolfsburg, Ujerumani. Aliporudi alikuwa nyuma kabisa kwenye foleni. Hakununuliwa kwa mamilioni msimu huo. Alikuwa nyumbani tayari, akingoja aitwe. Weka jina hilo akilini, tutarudi kwake.

Wakafanya mazoezi ya kiangazi Marekani, kisha wakajifungia Evian, Ufaransa, mara nyingine wakifanya mazoezi zaidi ya mara moja kwa siku. Hapakuwa na kamera nyingi wala kombe huko.

MWAKA WA PILI

Usidhani mambo yalinyooka. Katika makundi ya Ligi ya Mabingwa walishindwa mechi zote tatu za ugenini. Tarehe 11 Desemba 2018 ilibidi waifunge Napoli au watolewe. Salah akafunga bao moja, na dakika za nyongeza Napoli wakapata nafasi ya wazi, hatua chache kutoka langoni. Alisson akaikinga. Ile kasoro ya Mei iliyofanyiwa kazi Julai ililipa Desemba.

Katika ligi walipoteza mechi moja tu msimu mzima, kwa Manchester City, Januari 2019, na katika mechi hiyo mpira wao ulibakia kama sentimita moja kuvuka mstari. Walimaliza na pointi 97, wakafungwa mabao 22 badala ya 38. Na bado hawakuchukua ligi! City walikuwa na pointi 98. Hebu fikiria, unaongeza pointi 22 kwa msimu mmoja na bado wewe ni wa pili.

Katikati ya hayo ikaja nusu fainali na Barcelona. Mechi ya kwanza wakalimwa 3-0. Ya marudiano ilikuwa tarehe 7 Mei 2019, Ramadhani ya 1440 ndiyo kwanza imeingia. Salah hakucheza, alikuwa ameumia kichwa. Firmino pia nje. Nani akaanza? Origi. Akafunga dakika ya saba. Wijnaldum akaongeza mawili kipindi cha pili. Kisha dakika ya 79, wakati mabeki wa Barcelona wamezubaa, Trent Alexander-Arnold akapiga kona ya haraka na Origi akamaliza kazi. Nne bila. Ilielezwa baadaye kwamba Liverpool walishaona katika kanda za video jinsi Barcelona wanavyolala mpira unaposimama, na watoto wa kuokota mipira waliambiwa wairudishe upesi. Kile tulichokiita muujiza kilikuwa na maandalizi ndani yake.

Fainali ikachezwa Madrid tarehe 1 Juni 2019, sisi tuko katika kumi la mwisho. Dakika ya pili, penalti. Aliyeipiga ni Salah, yule yule aliyetoka Kyiv akilia. Akafunga. Dakika ya 87 Origi akafunga la pili. Tottenham 0, Liverpool 2.

Na waliporudi likizo walikaa tena na daftari, kwa ile pointi moja ya City. Msimu wa 2019/20 walimaliza na pointi 99, wakachukua ligi waliyoikosa kwa miaka 30.

SISI JE?

Sisi tuliosoma madrasa tunalo neno la jambo hili tangu zamani: muhasaba. Mtu kukaa na nafsi yake akaihesabu. Na sifananishi mpira na vita vya Mtume (s.a.w.), hasha, lakini somo liko wazi katika Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapiga mishale 50 waliwekwa kilimani, wengi wao wakashuka kabla ya kuambiwa, na ushindi ukageuka. Kosa lilitajwa wazi, halikufunikwa. Lakini katika Suratul Aal Imran, Mtume aliamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Na kesho yake tu aliwaita watu wale wale wa Uhud, wengine na majeraha yao, watoke naye hadi Hamraul Asad. Hakutafuta watu wapya.

Nasema haya kwa sababu nina deni. Timu yetu ya mtaa ilitolewa katika kombe la vijana, nusu fainali, kwa bao la kizembe. Mpira ulipita katikati ya miguu ya kipa wetu, kijana wa miaka kumi na saba. Usiku ule maskani tulimcheka, tukampa jina, na mimi ndiye niliyelianzisha hilo jina. Hatukukaa hata siku moja tukajiuliza kwa nini mabeki walikuwa wamechoka dakika ya sitini, wala kwa nini mazoezi yetu watu walikuja saba. Tulikuwa na kipa wa kumlaumu, yatosha. Yeye akaacha mazoezi. Baadaye akaacha kuonekana hata msikitini, kwa sababu sisi tuliomcheka ndio sisi tuliosimama naye safu moja.

Nilipokuwa nikisoma habari za Karius ili niandike makala hii, kalamu ilinikataa. Mwisho wa Shaaban nikaenda kwao. Mamake alinikaribisha chai, naye akatoka chumbani, akakaa mbali kidogo. Nikamwambia, "Nisamehe ndugu yangu, lile jina nililitoa mimi." Hakusema mengi. Alisema, "Nishasikia." Kisha akaniuliza kama zile glavu za timu bado ziko, ama tumempa mtu mwingine. Nikamwambia ziko kwangu, na kesho yake nikampelekea.

Ndugu msomaji, Ramadhani hii utakapokuwa ukihesabu ya mwaka uliopita, ya timu yako, ya mitihani yako, ya nyumba yenu, angalia kama kuna mtu uliyembebesha lawama yote ili wewe usihesabiwe. Mtafute kabla ya Idi. Sisi mazoezi tunaanza Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, inshallah, saa kumi jioni, na safari hii daftari litakuwepo. Kama kipa atakuja sijui. Nafasi yake tumeiacha wazi.

Wabillahi tawfiq. Ramadhani karim.