Plastiki nyeusi ya ndai yako imegeuka kijivu? Hii ndio rada kwa wasee wa Eldas

Ukitaka kujua Probox imeishi wapi, usimuulize mwenyewe. Angalia bampa. Ile ya kuzunguka Nairobi bado ina weusi, lakini ile imepiga miaka mitatu kati ya Eldas na Wajir mjini imeparara kama miguu ya mtoto ametoka kuchunga mbuzi. Injini iko fiti, gia ziko fiti, lakini mnunuzi akikuja anaanza kushusha bei kabla hata hujafungua boneti. Na huku kwetu ndai si ya kupiga luku. Ni kazi. Inabeba mgonjwa, inabeba unga, inabeba miraa na mbuzi wawili nyuma. Kwa hivyo hiyo plastiki ikichomeka, ni doh yako inachomeka.

Wacha tuanze na kwa nini inageuka. Plastiki nyingi nyeusi za nje, kama bampa, mifuniko ya vioo vya pembeni na zile za juu ya tairi, ni polipropileni. Weusi wake unatoka kwa masizi laini ya kaboni yaliyochanganywa kiwandani, na hayo masizi si ya urembo tu, ndiyo yanameza miale ya UV isivunje plastiki. Lakini jua likichapa kila siku, uso wa juu bado unakatika vipande vidogo vidogo na kubaki kama unga. Ule weupe unaona si rangi imetoka. Ni plastiki yenyewe imekwaruzika juu, mwanga ukigonga unatawanyika. Ndio maana ukimwagia maji inarudi nyeusi dakika mbili, ikikauka inarudi kijivu.

Sasa hesabu hii. Ndai nyingi tunazoendesha zimetoka Japan zikiwa zimetumika, na Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingia. Kwa hivyo ikishuka Mombasa, plastiki yake tayari imekula miaka kadhaa ya jua la huko, ambalo ni la upole. Halafu unaileta karibu na ikweta, mahali shule zimefungwa kwa joto si jambo la kushangaza mtu, na unaiacha nje mchana kutwa. Lazima ilie.

Jua likimaliza, vumbi linaingia. Habaswein, hapo kwa barabara ya kuja Wajir, jina lenyewe kwa Kisomali ni vumbi kubwa, kwa hivyo wazee walituambia mapema. Hilo vumbi ni msasa. Kosa linafanywa na karibu kila dereva ni kuamka asubuhi, kuchukua kitambaa kikavu na kufuta gari yote haraka haraka kabla abiria waje. Hapo unasugua plastiki na mchanga. Ipulize kwanza, ama uipigie brashi laini, ndio ufute na kitambaa chenye unyevu.

Lakini adui mkubwa, na hapa nitakosana na wasee wengine, ni oili chafu. Ile imemwagwa kwa sampu. Unapaka bampa, inawaka kama mpya, kila mtu anakuuliza umefanyaje. Walahi jioni ukirudi kutoka Griftu iko na koti ya vumbi nene, kwa sababu oili haikauki, inashika kila kitu kinachopita. Haina kinga yoyote ya UV. Pia si nzuri kwa ngozi ya mkono wako, kwa sababu oili iliyotumika ina kemikali za kansa. Na mbaya zaidi, ikifika kwa raba za milango, raba inafura, inalegea, haizibi tena. Sasa vumbi lilikuwa nje linaingia ndani kwa abiria, na kama kuna mtoto wa pumu hapo nyuma, umemwekea shida kwa sababu ya kung'aa ya siku moja. Dizeli na mafuta ya taa ni hadithi hiyo hiyo.

Kiwi ya viatu ni afadhali kidogo, lakini inatoka kwa nguo za watu. Na ile video ya msee anapitisha moto kwa plastiki inageuka nyeusi? Ni kweli inafanya. Inayeyusha ule uso umeharibika, basi. Baada ya miezi kadhaa inarudi, na ukizidisha moto bampa inapinda. Usijaribu na gesi ya kupikia tafadhali.

Kitu kinafanya kazi ni hiki. Maji Eldas si ya kuchezea, lakini ndoo moja inatosha. Osha plastiki na maji na sabuni ya maji kidogo, wachana na sabuni ya unga. Maji ya visima vya Wajir yana chokaa, kwa hivyo yakikauka juani yanaacha madoa meupe. Fanya hiyo kazi asubuhi mapema na ukaushe na kitambaa mara moja. Madoa yakiwa tayari yameshika, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inayatoa, halafu suuza. Kama ni polishi ya bodi imegusa plastiki ikaacha weupe, futa na spiriti, ama raba ya kufuta penseli. Si mzaha, jaribu.

Ikikauka kabisa, paka dawa ya plastiki. Soma chupa. Unataka imeandikwa inazuia UV na imetengenezwa kwa maji, si ile ya mafuta yenye harufu kama petroli. Weka kwa kitambaa, si moja kwa moja kwa gari. Paka nyembamba, subiri dakika kumi, futa iliyobaki yote. Ikibaki na utelezi umeweka nyingi, na vumbi litakusalimia barabarani. Raba za madirisha na vinyl ya viti pia zinakubali dawa hiyo. Vinyl ina kilainishi ndani ambacho joto linakitoa polepole, ndio maana inakakamaa halafu inapasuka. Ikishapasuka hakuna dawa.

Kama bampa tayari imekufa kijivu, dawa ya kawaida itakudanganya wiki moja. Hapo tafuta rangi maalum ya kurudisha weusi wa plastiki, ama ile koti ya seramiki ya plastiki, inakaa miezi mingi. Mji mkubwa ndio utaipata, so agiza na msee anaenda Garissa ama Grogon.

Na kivuli. Mgunga ni poa, ila usipaki chini ya ndege, kinyesi chao kinakula uso wa plastiki. Turubai pia inasaidia, mradi usiivute juu ya gari lenye vumbi.

Kujua kama kinga bado iko, nyunyiza maji kidogo kwa bampa. Yakikaa matone matone, endelea na safari. Yakitandazika na kuloa, ni wakati wa kupaka tena.