Viatu vyepesi vya mbio za masafa marefu

Viatu vyepesi vya mbio za masafa marefu ni raba zinazoundwa kwa ajili ya siku ya mashindano ya barabarani, kuanzia kilomita 10 hadi marathoni ya kilomita 42.195. Huvaliwa pia katika baadhi ya mazoezi ya kasi. Kiatu kimoja cha aina hii kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya gramu 140 na 230, ilhali raba ya mazoezi ya kila siku mara nyingi hupita gramu 250. Wepesi huo hupatikana kwa kuondoa vitu ambavyo mkimbiaji huenda akavihitaji baadaye: mpira wa chini ya soli hupunguzwa, kitambaa cha juu huwa chembamba kama chandarua, na ukuta mgumu unaoshika kisigino hulegezwa au hutolewa kabisa. Kuchagua kiatu cha mbio ni kuamua kipi kati ya hivyo kinaweza kukosekana, na mizani peke yake haitoi jibu.

Katika ukanda wa Mlima Elgon uamuzi huo hufanywa na watu wengi kuliko ilivyo kawaida mahali pengine. Ukanda huo unaanzia Kitale na Bungoma, unapita Kapsokwony na mji wa mpakani wa Lwakhakha, ulio kando ya mto wa jina hilo unaotenganisha Kenya na Uganda, kisha unaendelea upande wa pili hadi Kapchorwa. Huko ndiko walikotoka Ben Jipcho, aliyepata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Berlin mwaka 2009. Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya London mwaka 2012. Na Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Watoto wengi wa shule katika vilima hivyo bado hukimbia mbio za nyika peku, na kiatu cha kwanza cha mbio huwafikia wakiwa tayari na mwendo wao.

Hoja ya uzito ina msingi. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu kimoja hupandisha matumizi ya oksijeni kwa takribani asilimia 1. Kwa muda mrefu watengenezaji walifuata hesabu hiyo tu, wakazidi kupunguza soli. Rekodi za dunia za marathoni za Haile Gebrselassie (2:03:59, Berlin 2008), Patrick Makau (2:03:38, Berlin 2011), Wilson Kipsang (2:03:23, Berlin 2013) na Dennis Kimetto (2:02:57, Berlin 2014) zote ziliwekwa kwa raba za Adidas zenye soli ya chini kiasi, zisizo na bamba la kaboni.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2017, Nike ilipotoa kiatu chenye soli nene ya sponji ya aina ya PEBA na bamba la kaboni lililopinda ndani yake. Tarehe 6 Mei mwaka huo Eliud Kipchoge alikivaa katika uwanja wa mbio za magari wa Monza, Italia, akamaliza marathoni kwa 2:00:25 katika jaribio lisilohesabiwa kuwa rekodi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walikipima kwa wakimbiaji 18 wenye kasi na kukuta kwamba kinapunguza nishati inayotumika kwa wastani wa asilimia 4. Jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache ni kwamba katika jaribio hilo viatu vyote vilisawazishwa uzito. Akiba ile haikutokana na wepesi. Sehemu yake kubwa ilitokana na sponji inayobonyea mguu unapotua na kurudisha nguvu nyingi mguu unapoinuka. Uzito mdogo ulikuwa faida ya ziada.

Wastani nao huficha mengi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliowapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia pamoja na wakimbiaji saba wa kawaida wa Ulaya, kila mmoja akijaribu viatu kadhaa vya kaboni dhidi ya raba ya mbio ya zamani yenye soli nyembamba. Miongoni mwa Wakenya, matokeo yalianzia hasara ya asilimia 11.3 hadi faida ya asilimia 11.4. Kiatu kilichompa mmoja ushindi kingeweza kumchosha mwenzake wa kambi moja. Utafiti mwingine, wa wakimbiaji wa mwendo wa pole, ulipata faida ya takribani asilimia 1.4 kwa kasi ya kilomita 12 kwa saa na asilimia 0.9 kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa. Mtu anayemaliza marathoni kwa saa nne na nusu, basi, analipia bei ya bingwa na kupata sehemu ndogo ya manufaa.

Kwa kuwa wakimbiaji wachache wanaweza kufika maabara, njia inayofaa ni kujaribu barabarani. Mkimbiaji huchagua kipande tambarare cha lami cha kilomita mbili au tatu, akakikimbia kwa kasi ya mashindano akibadilisha viatu zamu kwa zamu siku hiyohiyo, huku akilinganisha muda na mapigo ya moyo. Jaribio la mara moja halitoshi, kwa sababu upepo, joto na hamu ya kutaka kiatu kipya kishinde huvuruga matokeo. La mwisho ndilo gumu kuliko yote kulizuia.

Aina ya barabara huamua mengi. Kiatu cha kaboni kimetengenezwa kwa lami kavu ya miji kama Berlin na Chicago. Soli yake ni nene na laini, na kwenye changarawe iliyolegea au njia iliyochimbwa na maji hulaza kifundo cha mguu upande. Miteremko ya Elgon ina udongo mwekundu unaonata wakati wa mvua, nazo mvua za eneo la Kitale huanza Machi na kwenda hadi karibu na mwisho wa mwaka. Udongo unaoganda chini ya soli unaweza kuongeza gramu nyingi kuliko zile zilizookolewa kiwandani. Ndiyo maana makocha wengi huwataka wakimbiaji wao wafanye mbio ndefu na fatleki (mazoezi ya kubadilisha kasi) za murram kwa raba za chini zenye mpira mzito wa kushika ardhi, na kuacha viatu vya mbio kwa mazoezi machache ya lami na kwa siku yenyewe. Kwa mbio za nyika na za uwanjani hutumika viatu vya misumari, ambavyo ni familia nyingine.

Tofauti ya urefu kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya soli hutofautiana baina ya aina za viatu, kuanzia karibu sifuri hadi milimita 10 au zaidi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake waliripoti kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokulia peku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya wayo. Baadaye utafiti mwingine kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Wadaasanach, ulikuta kwamba wengi wao, ingawa hutembea peku, hutua kwa kisigino wanapokimbia pole. Haifai, kwa hiyo, kudhani kwamba kiatu cha chini kinamfaa kila Mkenya. La uhakika ni kwamba kuhama ghafla kutoka kisigino cha juu kwenda cha chini huibebesha misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino mzigo mpya. Viatu vya kaboni navyo vina lake: mwaka 2023 madaktari waliripoti wanariadha watano waliopata jeraha la mfupa wa navikula, ulio juu ya upinde wa wayo, baada ya kukimbia navyo. Huo ni ushahidi mdogo, ila unatosha kumshauri mkimbiaji azoee kiatu hicho kwa wiki kadhaa na asikivae kila siku.

Kuhusu saizi, mguu huvimba unapokimbia, hivyo hupimwa jioni au baada ya mazoezi, ukiwa na soksi ileile ya mashindano. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Miguu iliyokua bila viatu huwa mipana mbele, ilhali viatu vingi vya mbio ni vyembamba, na malengelenge huanzia hapo. Namba 42 ya kampuni moja si lazima ilingane na 42 ya nyingine. Kipimo cha sentimita kilichochapishwa kwenye ulimi wa kiatu ni cha kutegemewa zaidi.

Wanaokusudia kushindana kimataifa hulazimika kujua kanuni. Tangu mwaka 2020 World Athletics, shirikisho la riadha duniani, hairuhusu soli ya kiatu cha barabarani kupita milimita 40 wala kuwa na zaidi ya bamba moja gumu. Kwa mbio za uwanjani kikomo ni milimita 20 kuanzia Novemba 2024. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alitangulia kufika katika Marathoni ya Vienna, akaondolewa kwa sababu soli yake ilikuwa ya milimita 50, na ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat. Katika mbio za hisani za mashinani hakuna anayekuja na rula.

Bei ndiyo kizuizi kikubwa zaidi. Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, ambayo Tigist Assefa wa Ethiopia alivaa alipoweka rekodi ya dunia ya 2:11:53 mjini Berlin mwaka 2023, ilikuwa na uzito wa gramu 138 na iliuzwa dola 500, yaani zaidi ya shilingi 60,000 za Kenya, na kampuni yenyewe ilisema imekusudiwa mbio moja tu pamoja na muda wa kuizoea. Raba nyepesi zisizo na kaboni hugharimu kidogo sana kuliko hiyo. Miongoni mwake ni Iten, raba ya kwanza ya Enda, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy.

Wengi katika ukanda huu hununua mitumba, ama sokoni Kitale, Chwele na miji ya mpakani, ama kwa wanariadha wenye udhamini wanaouza jozi za ziada. Mtumba wa kiatu cha mbio huhitaji jicho kali kuliko wa raba ya kawaida, kwa sababu kinachokufa kwanza hakionekani. Utafiti mmoja uliolinganisha sponji ya PEBA na ile ya kawaida ya EVA ulikuta kwamba baada ya kilomita 450 ubora wa PEBA ulikuwa umetoweka, ijapokuwa kitambaa cha juu kinaweza kuwa bado kinang'aa. Mnunuzi huweka viatu mezani aone kama vimeinama upande mmoja, hukagua mikunjo mirefu ubavuni mwa soli, hubonyeza sponji kwa kidole kuona kama inarudi, na hukunja kiatu taratibu: bamba zima hukataa kupinda, lililovunjika hulia au hupinda mahali pamoja. Viatu bandia vyenye nembo maarufu hutambulika kwa uzito kabla ya kitu kingine, na mara nyingi ndani yake hamna bamba lolote.

Kiatu kilicholowa hukaushwa kivulini kikiwa kimejazwa magazeti, kwa kuwa joto la jiko hulegeza gundi na kukaza sponji. Fundi viatu anaweza kubandika upya mpira uliobanduka, lakini kushona kwa sindano nene kupitia soli ya kati hupasua sponji, na baada ya hapo kiatu hufaa kutembelea tu.