Nani alisema nyumba ya udongo si nyumba?

1. Mjadala wa nyumba za bei nafuu ukianza, lazima mtu aseme nyumba ni ya mawe. Wadau, turudi nyuma kidogo.

2. Shibam, kule Yemen, kuna maghorofa ya matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua. Mengi yanatoka karne ya 16, na watu bado wanaishi humo. Mvua ni haba, na kuta hupakwa udongo upya. Marekani nayo, nyumba nyingi ni za mbao.

3. Kwetu, kanuni za ujenzi za 1968 zilifuata za Uingereza. Mjini, udongo ukawa hauna nafasi. Marekebisho ya 1995 yalilegeza kidogo, lakini dharau ilibaki.

4. Mimi nimelelewa kwa nyumba ya udongo ya shosho. Msingi wa mawe, paa pana la kukinga mvua. Ilianza kubomoka alipozeeka, tukakosa mtu wa kuipaka.

5. Kwa hivyo ukiahidiwa nyumba, usiulize bei pekee. Uliza: nani aliamua lazima iwe simiti, na nani analipia huo uamuzi?